Mtoto Aliyewahi Kuzaliwa: Umri Wake Uhesabiwe Vipi?

Jioni za Jumapili pale bustani ya Mama Ngina, Mombasa, kina mama huketi chini ya mibuyu, sahani ya mihogo katikati, watoto mapajani. Hapo ndipo swali huzuka: "Wako ana miezi tisa, mbona hajakaa?"

Mama, piga hesabu kwanza. Mimba hutimia kwa wiki 40, na anayezaliwa kabla ya wiki 28 amewahi mno. Wako akizaliwa wiki ya 27, amewahi kwa wiki 13, karibu miezi mitatu. Basi akifika miezi tisa, mpime kama wa miezi sita: uzito, urefu, kichwa, hata kukaa kwake. Fanya hivyo mpaka miaka miwili. Chanjo, lakini, hufuata tarehe aliyozaliwa, isipokuwa daktari aelekeze vingine.

Akiwa bado mchanga, mbebe kifuani, ngozi kwa ngozi. Njia hii ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, na Shirika la Afya Duniani linahimiza saa 8 hadi 24 kwa siku. Mnyonyeshe, na dawa ya kuongeza madini ya chuma umpe kama ulivyoagizwa.

Huenda akabaki mdogo kuliko wenzake kwa miaka, usikate tamaa. Tazama mstari wa ukuaji kwenye kijitabu cha kliniki. Ukipanda, mshukuru Mungu. Ukilala au ukishuka, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke akaonwe mara moja.

Nanyi mashangazi na majirani, msimlinganishe. Mpokeeni mama mtoto, apumzike.