Viza ya Kazi na Ukaazi wa Kudumu: Haki Iko Mikononi mwa Nani?

Mada ya semina kuhusu uhamiaji halali, Nyakiriba, Wilaya ya Rubavu

Viza ya kazi humruhusu mgeni kuishi katika nchi fulani kwa sababu ya kazi iliyotajwa na kwa muda uliowekwa. Ukaazi wa kudumu humpa haki ya kuishi huko bila tarehe ya mwisho, afanye kazi anayoitaka, abadili mwajiri, asome au afungue duka lake. Hati zote mbili hugongwa muhuri na idara ya uhamiaji, na zote mbili humfikisha mtu kiwanja cha ndege kilekile. Tofauti hujitokeza siku kazi inapokwisha. Mwenye viza ya kazi akipoteza ajira, sababu ya kuwapo kwake nchini imeondoka pamoja na mshahara. Mkaazi wa kudumu akifukuzwa kazi, amekosa mshahara tu.

Wakazi wa Nyakiriba wanaopeleka karoti, vitunguu na kabichi Goma kupitia kituo cha mpakani cha Petite Barrière hawahitaji maelezo marefu hapa. Anayevuka asubuhi na kurudi jioni ana haki ya kuvuka, si haki ya kukaa, na mpaka ukifungwa biashara yake husimama siku hiyohiyo.

Kanda ya Afrika Mashariki

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyotiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama uhuru wa kwenda kufanya kazi katika nchi nyingine ya Jumuiya. Kanuni zake zinamtaka mwenye mkataba wa ajira aombe kibali cha kazi, ambacho kwa mara ya kwanza hutolewa kwa muda usiozidi miaka 2 na huweza kuongezwa. Kenya, Rwanda na Uganda zimekwenda mbele zaidi kwa kufutiana ada ya kibali hicho. Kwa fundi wa Rubavu anayekwenda Kampala au Nairobi, basi, kibali cha kazi ni njia nyepesi na ya bei ndogo.

Ukaazi wa kudumu haumo katika zawadi hiyo. Itifaki imeuacha mikononi mwa sheria za kila nchi. Kenya, kwa sheria yake ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2011, inamtaka mwombaji awe ameshika vibali vya kazi kwa angalau miaka 7 na awe ameishi nchini mfululizo kwa miaka 3 ya mwisho kabla ya kuomba. Kwa hiyo hata ndani ya Jumuiya, kudumu hakuji na mkataba wa ajira. Kunapatikana kwa miaka iliyothibitishwa kwa karatasi, na anayetupa vibali vyake vya zamani anatupa ushahidi wake.

Ghuba: mahali pasipo na uchaguzi

Katika nchi za Ghuba swali la viza ya kazi au ukaazi wa kudumu halimhusu mfanyakazi wa kawaida, kwa kuwa mlango wa pili haupo. Ukaazi wa mfanyakazi umefungwa kwa kafili, yaani mdhamini wake, na huisha mkataba unapoisha. Yamefanyika mageuzi ya kweli: Katari mwaka 2020, na Omani kuanzia Januari 2021, ziliondoa sharti la mfanyakazi kupata barua ya mwajiri wa zamani isiyo na pingamizi kabla ya kuhamia kwa mwajiri mwingine. Hata hivyo mageuzi hayo yamelegeza tu kamba kati ya mfanyakazi na mwajiri mmoja. Hayakumfanya mkaazi.

Ukaazi wa muda mrefu uliopo huko umewekewa watu wengine. Saudi Arabia ilipoanzisha ukaazi maalumu mwaka 2019, bei ya ule wa kudumu ilikuwa riyali 800,000. Sheria ya Katari ya mwaka 2018 iliweka ukomo wa watu 100 hivi kwa mwaka. Kijana anayekwenda Doha au Muscat kulinda mlango, kuendesha gari au kuhudumia nyumba anakwenda kwa safari yenye mwisho, na hesabu zake zinafaa zifanywe hivyo: anatafuta kiasi gani, kwa miaka mingapi, na akirudi atashika nini. Wakala anayemwahidi kuwa baada ya miaka kadhaa atapewa makaratasi ya kudumu anamdanganya. Akiba ya uzeeni ya kijana huyo haitatoka huko pia, na ndiyo sababu mpango wa EjoHeza, unaopokea hata michango ya Wanyarwanda walio nje, unamfaa zaidi mfanyakazi wa Ghuba kuliko mwenzake aliye Kanada.

Kanada: mahali hesabu inapokuwa na maana

Kanada ni mfano bora wa nchi yenye milango yote miwili, na kwa Mnyarwanda ina mvuto wa pekee kwa sababu ya lugha. Mlango wa kwanza ni kibali cha kazi. Mara nyingi kibali hicho hutaja mwajiri mmoja, na mwajiri huyo kwanza hulazimika kuiridhisha serikali kwamba kumleta mgeni hakutaharibu soko la ajira la nchini. Ombi hilo humgharimu mwajiri dola 1,000 za Kanada, naye haruhusiwi kuzidai kwa mfanyakazi. Jambo hili likumbukwe na kila anayeombwa fedha za “barua ya kazi ya Kanada”. Ada anayolipa mfanyakazi mwenyewe ni ndogo: dola 155 za kibali na 85 za alama za vidole na picha.

Mlango wa pili ni mfumo wa Express Entry, ulioanza Januari 2015, unaochagua wakaazi wa kudumu kwa pointi. Umri, elimu, uzoefu wa kazi na lugha ndivyo vinavyopimwa. Pointi za umri huwa juu kabisa kati ya miaka 20 na 29, hupungua mwaka baada ya mwaka kuanzia 30, na hufika sifuri kwenye 45. Tangu mwaka 2023 serikali hiyo pia hufanya awamu maalumu kwa wanaojua Kifaransa vizuri, ambapo pointi zinazotakiwa kwa kawaida huwa pungufu kuliko za awamu za jumla. Rwanda iligeukia Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia mwaka 2008, na waliosoma kabla ya hapo mara nyingi hukiona Kifaransa chao kama nguo iliyopitwa na wakati. Katika mizani hii nguo hiyo ina bei, mradi ithibitishwe kwa mtihani wa TEF au TCF. Mwalimu wa Rubavu mwenye miaka 38, Kifaransa imara na Kiingereza cha wastani anaweza kuwa na nafasi asiyoijua, wakati kijana wa miaka 25 mwenye Kiingereza pekee anapambana na umati.

Gharama ya mlango huu ni nzito. Ada ya ukaazi wa kudumu kwa mtu mzima ilipanda Aprili 2024 hadi dola 1,525. Vyeti lazima vithaminishwe, na anayeomba kutoka nje bila uzoefu wa kazi wa Kanada huonyesha fedha za kuanzia maisha, ambazo mwaka 2025 zilizidi dola 15,000 kwa mtu mmoja. Familia nyingi za Nyakiriba hazina kiasi hicho benki, na kukikopa hakusaidii, kwa sababu fedha hizo hazitakiwi kuwa za mkopo. Ofa ya kazi ilikuwa ikiongeza pointi, lakini utaratibu huo ulifutwa Machi 2025. Uteuzi wa jimbo bado unaongeza 600, na karibu unamhakikishia mtu mwaliko. Quebec ina mfumo wake na huchagua wahamiaji wake yenyewe.

Kwa sababu hiyo wengi huanza na kibali cha kazi, kisha huomba ukaazi wakiwa ndani. Sheria yenyewe inaikubali njia hii. Anayetaka uraia wa Kanada anahitaji siku 1,095 za kuwapo nchini ndani ya miaka 5 kabla ya kuomba, na kila siku aliyoishi kwa kibali halali kabla ya kuwa mkaazi wa kudumu huhesabiwa nusu, hadi kufikia siku 365. 

Jina “kudumu” lisimpoteze mtu. Mkaazi wa kudumu wa Kanada anatakiwa awe amekaa nchini siku 730 katika kila kipindi cha miaka 5. Anayepata hadhi hiyo, akarudi Rubavu kusimamia mashamba ya viazi na nyumba anayojenga, akabaki miaka 4, anaweza kuvuliwa. Marekani nako, mwenye kadi ya kijani akikaa nje zaidi ya mwaka bila kibali cha kurejea huhesabiwa kwa urahisi kuwa ameyaacha makazi yake. Ukaazi wa kudumu ni haki ya kuishi kule. Anayetaka kuishi hapa na kuvuna kule hakuandikiwa hati hiyo.

Ulaya na Marekani

Uingereza inaonyesha jinsi daraja linavyoweza kuinuliwa mtu akiwa katikati. Viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi humwezesha mtu kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 5, lakini Mei 2025 serikali ilichapisha waraka unaopendekeza kipindi cha kawaida kiwe miaka 10. Wahudumu wa wazee na wagonjwa, kazi iliyowavuta Waafrika wengi baada ya mwaka 2022, walizuiwa kuleta wategemezi kuanzia tarehe 11 Machi 2024, na kuajiriwa kwao kutoka nje kukafungwa tarehe 22 Julai 2025. Mwajiri akinyang'anywa leseni ya udhamini, mfanyakazi asiye na kosa lolote kwa kawaida hupewa siku 60 za kutafuta mdhamini mwingine au kuondoka.

Ubelgiji hutoa tangu 2019 kibali kimoja kinachounganisha kazi na makazi, na chini ya maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2003 mgeni aliyeishi kihalali mfululizo kwa miaka 5 anaweza kuomba hadhi ya mkaazi wa muda mrefu. Kwa miongo mingi hiyo ndiyo nchi ya Ulaya iliyozoeleka na Wanyarwanda. Rwanda ilivunja uhusiano wa kibalozi nayo tarehe 17 Machi 2025, na hilo linamgusa kila mwombaji.

Kuhusu Marekani, viza ya kazi ya H-1B hutolewa kwa miaka 3 na kwa kawaida haizidi 6, kwa bahati nasibu ya nafasi 65,000 pamoja na 20,000 za wenye shahada za juu za huko. Amri ya rais ya Septemba 2025 iliweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje, na kwa mwombaji wa kawaida hilo ni sawa na kufunga mlango.

Uraia unaofuata

Thamani ya ukaazi wa kudumu hutegemea pia sheria ya nyumbani. Katiba ya Rwanda inaruhusu uraia pacha, hivyo Mnyarwanda anaweza kuuchukua ukaazi kama hatua ya kwenda kwenye pasipoti ya pili bila kupoteza ya kwanza. Jirani yake wa Goma hana nafasi hiyo: katiba ya Kongo ya mwaka 2005 inasema uraia wa Kikongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Mtanzania mtu mzima naye hupoteza uraia wake akichukua wa nchi nyingine. Kwa hawa wawili ukaazi wa kudumu huweza kuwa kituo cha mwisho. Kwa Mnyarwanda ni kituo cha kupita.

Kabla ya kuamua

Mwenye lengo la miaka 3 au 4, asiyekusudia kuhamisha watoto, hana sababu ya kuuza shamba ili agharamie ukaazi wa kudumu, kwa kuwa viza ya kazi yenye mkataba safi inamtosha. Mwenye watoto wadogo na nia ya kuwasomesha kule anapaswa kuuliza, kabla ya kusaini lolote, kama viza anayopewa inaruhusu mwenza kufanya kazi na kama miaka yake inahesabiwa kuelekea ukaazi. Viza isiyojibu “ndiyo” kwa maswali mawili hayo inafaa kuchukuliwa kama viza ya Ghuba, hata ikiwa imetoka Ulaya.

Maandalizi ya nyaraka ni yaleyale kwa njia zote mbili: vyeti vya kuzaliwa na ndoa vyenye majina yanayolingana, vyeti vya shule, na cheti cha kutokuwa na rekodi ya jinai, ambacho nchini Rwanda huombwa kupitia tovuti ya Irembo. Pasipoti nayo iangaliwe mapema. Kanada haitoi kibali cha kazi kinachovuka tarehe ambayo pasipoti inaisha, kwa hiyo mkataba wa miaka 2 kwenye pasipoti iliyobakiza miezi 8 huzaa kibali cha miezi 8.