Haki ya Mstaafu Hulindwa Angali Kazini

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo huelekezwa zaidi kwa wafanyabiashara, lakini hapana kundi la watumishi linalouhitaji kuliko askari wa jeshi na wa polisi. Mwenye duka akipoteza hesabu ya mwezi mmoja, aweza kuanza upya mwezi unaofuata. Askari akipoteza hesabu ya miaka yake ya utumishi, hawezi kurudi ujanani akaitumikia tena.

Ifahamike tangu mwanzo kwamba malipo ya uzeeni si sadaka wala si hisani ya mkubwa yeyote. Ni sehemu ya ujira wa askari ambayo taifa limeiweka akiba mpaka siku atakapovua sare. Malipo hayo hukokotolewa kwa mambo machache: tarehe ya kuandikishwa, miaka ya utumishi, cheo, mshahara na michango iliyokatwa. Kila moja la mambo hayo ni mstari mmoja tu ndani ya jalada. Mstari ukikosewa, askari aliyelala mahandakini miaka ishirini aweza kuhesabiwa kumi na minane, na mjane wake akapewa pungufu mpaka mwisho wa maisha yake.

Somo hili limeonekana wazi, tena kwa uchungu, katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado nchini Msumbiji, kutoka Palma karibu na mdomo wa mto Ruvuma mpaka Mocímboa da Praia na Macomia. Mwezi wa Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga pwani hiyo na kubomoa nyumba na majengo ya umma. Lakini balaa kubwa lilikwisha kuanza tarehe 5 Oktoba 2017, vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia viliposhambuliwa. Mwezi wa Agosti 2020 mji huo ulitekwa, ukakaa mikononi mwa magaidi karibu mwaka mzima, mpaka majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoukomboa tarehe 8 Agosti 2021. Palma nayo ilivamiwa tarehe 24 Machi 2021. Ofisi za serikali zilichomwa moto. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia kwa miguu na kwa mashua, na wengi wao walifika Pemba na kwingineko bila kitambulisho, bila cheti cha kuzaliwa na bila karatasi yoyote ya kuonyesha walikuwa nani.

Katika hali kama hiyo karatasi huwa hatari kwa pande mbili. Mtumishi wa dola akikamatwa na adui akiwa na kitambulisho cha kazi mfukoni, kitambulisho hicho chaweza kuwa hukumu yake ya kifo. Akikitupa porini na kufika kwenye kizuizi cha majeshi ya serikali mikono mitupu, hutiliwa shaka. Na hata akipona pande zote mbili, husimama mbele ya mlipaji asiwe na ushahidi wa utumishi wake.

Jambo hili si geni katika ardhi hiyo. Mwezi wa Novemba 1917, majeshi ya Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck yaliuvuka mto Ruvuma na kuingia Negomano, yakiwa na askari wa Kiafrika na wapagazi wengi. Waingereza na Wareno nao waliwakusanya wapagazi kwa maelfu. Wengi walikufa kwa maradhi na njaa, na ujira wa wengi wao haukuwafikia jamaa zao, kwa sababu orodha za wakoloni hazikujali kuandika sawasawa jina la mtu, ukoo wake na kijiji chake.

Kuhusu askari wa Wajerumani, kuna kisa kinachosimuliwa mpaka leo. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani ya Magharibi liliamua kuwalipa askari wale wa zamani waliokuwa bado hai malimbikizo yao. Yasemekana wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza, lakini wachache tu walikuwa na vyeti vya mwaka 1918. Mlipaji akampa kila mmoja ufagio badala ya bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani, na wazee wakazitekeleza bila kukosea. Kisa hicho huwachekesha watu, lakini ndani yake mna fedheha. Mzee aliyetumika vitani na kungoja haki yake kwa zaidi ya miaka arobaini alilazimika kucheza gwaride kwa ufagio, kwa kuwa mwajiri wake hakuwa na daftari linalomtambua.

Mwaka huohuo wa 1964, tarehe 25 Septemba, risasi za kwanza za vita vya ukombozi wa Msumbiji zililia huko Chai, katika eneo la Macomia. Wapiganaji wa FRELIMO, wengi wao wakiwa wamepata mafunzo Kongwa na Nachingwea, hawakupigana kwa ajili ya mshahara. Wengi walitumia majina ya vita ili kuwalinda ndugu zao waliobaki vijijini. Siri hiyo ilikuwa silaha wakati wa mapambano. Baada ya uhuru wa tarehe 25 Juni 1975, silaha hiyo iligeuka kuwa kikwazo, kwani mpiganaji alipaswa kuthibitisha kwamba jina la porini na jina la nyumbani ni la mtu mmoja. Sheria ya Msumbiji ya mwaka 2011 kuhusu hadhi ya mpiganaji imeweka haki za wapiganaji hao pamoja na za wale wa vita vilivyofuata. Lakini sheria humlipa mtu anayetambulikana.

Baadhi ya wazee hao wa Mueda na Macomia wameshika silaha tena pamoja na vijana wao katika Kikosi cha Wenyeji. Wengi walikuwa wakilinda vijiji vyao kabla kikosi hicho hakijatambuliwa kisheria katika miaka ya 2022 na 2023. Siku ya kwanza ya utumishi wa kila mmoja wao ni jambo linalofaa kuandikwa sasa, wakati mashahidi wangali hai.

Hapo ndipo inapoonekana maana ya daftari linalotunzwa kwa mitambo ya kompyuta na kufunguliwa kwa mtandao. Daftari hilo haliko katika kabati la ofisi moja. Moto wa Mocímboa da Praia hauwezi kuliteketeza, na askari hana haja ya kulibeba mfukoni. Nchini Msumbiji, Taasisi ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, INSS, inayowahudumia wafanyakazi wa sekta binafsi, imeanzisha huduma za mtandao za kushughulikia michango. Ng'ambo ya Ruvuma, Tanzania iliunganisha mifuko minne ya pensheni mwaka 2018 na kuunda Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF. Mwanachama wa mfuko huo aweza kutazama michango yake kwa simu, na mstaafu aweza kuhakikiwa kwa njia hiyohiyo bila kusafiri.

Faida kubwa ya mpango huo si haraka peke yake. Zamani jalada lilikuwa siri ya karani. Askari aliliona siku ya kustaafu, wakati makosa ya miaka thelathini yamekwisha kuota mizizi. Sasa aweza kuliona angali kazini, na kosa la mwaka huu likasahihishwa mwaka huuhuu, wakati kamanda wake yupo na hati za malipo zingalipo.

Hata hivyo, mtambo hauna akili ya kujua ukweli. Hutunza kile ulichopewa. Tarehe ya uongo ikiingizwa, itatunzwa kwa uaminifu uleule kama tarehe ya kweli. Aidha, pwani ile ina sehemu ambazo minara ya simu iliharibiwa vitani, na wazee ambao hawajapata kushika simu ya kisasa. Serikali itakayofunga dirisha la ofisi na kusema kila jambo litafutwe mtandaoni itakuwa imewapa kisogo walewale waliotoa jasho na damu. Mtandao na uongeze mlango. Usiuzibe ule wa zamani.

Kwa hiyo wajibu umegawanyika. Askari anapaswa kuhakikisha kwamba jina lake limeandikwa kwa namna moja katika kitambulisho, katika jalada na katika benki. Akague walau mara moja kwa mwaka tarehe ya kuandikishwa, cheo na michango yake. Akiona kosa, aliripoti kwa maandishi na kubaki na nakala. Aandikishe warithi wake, na aoapo au azaapo aongeze majina, kwani risasi haingoji fomu ijazwe.

Namba ya siri ailinde kama anavyolinda silaha. Asimpe kijana wa kibanda cha simu, wala mtu anayepiga simu akijidai kuwa ofisa wa pensheni anayetaka kuharakisha malipo. Matapeli wanajua siku ambayo kiinua mgongo hulipwa. Tena ukurasa wa akaunti hauonyeshwi kwa marafiki, kwa kuwa cheo na namba ya askari ni habari ambayo adui angependa kuipata.

Makamanda na maofisa wa malipo wana wajibu mzito zaidi. Kupandishwa cheo kusikoingizwa katika jalada ni sawa na mshahara ulioibwa. Askari aliyejeruhiwa asihangaike kutafuta hati ya jeraha lake hospitalini. Iandikwe siku ileile. Na aliyeanguka vitani, jalada lake liwe la kwanza kukamilishwa, maana mwenye jalada hawezi tena kuja kulidai.

Taifa humwambia askari aende mbele asiangalie nyuma. Amri hiyo ni ya haki pale tu ambapo nyuma yake pana daftari lililo sahihi. Mjane wa Palma aliyekimbia na watoto akiacha kila kitu ndani ya moto, akifika dirishani na kutaja jina la mumewe, jina hilo lipatikane, likiwa na miaka yake yote.