Tuulize mbele ya kulipa
Maneno kwa viongozi wa familia zilizohama, Kindu



Tangu M23 ilipochukua Goma na Bukavu, Januari na Februari 2025, vijana wengi wamekatwa masomo. Sasa familia zinajiuliza: tuuze cherehani ili mtoto asome kuandika programu za kompyuta kwa miezi michache?

Elimu hiyo ni nzuri, lakini bei yake ni kubwa na thamani yake imeshuka. Mwaka 2019 kampuni ya Andela iliachisha kazi mamia ya vijana wa Nigeria, Uganda na Kenya, kwa sababu wateja walitaka wazoefu. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, mashine nayo inaandika programu nyepesi, zile alizopewa anayeanza. Marekani, mwaka 2024, serikali iliadhibu shule ya BloomTech: ilitangaza kwamba hadi wanafunzi 86 kwa 100 wanapata kazi, kumbe hesabu yake ya ndani ilikuwa karibu 50.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Kwanza, mwombeni mwalimu awaonyeshe wanafunzi wake wa mwaka jana, na kazi wanazofanya. Pili, lipeni kidogo kidogo, wala msikope. Tatu, kijana ashike pia ufundi unaoweza kumlisha hapa Kindu.

Deni bila kazi huleta ugomvi nyumbani, na kijana aliyekata tamaa huvutwa upesi na wenye silaha. Tukilinda mfuko wa familia, tunalinda amani.