CHELEZO CHA KIZIBO: KAZI NDOGO YA WAZEE NA WAJUKUU

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa ukoo, Jane na Finch, Toronto)

 

Awali ya yote nawashukuru wanakamati kwa kunipa nafasi hii. Walinitaka nizungumze juu ya kuhifadhi mila na lugha. Mada hiyo ni pana, na hotuba juu yake tumekwisha kuzisikia nyingi. Kwa hiyo nimechagua kitu kinachotosha kiganjani: chelezo, yaani kile kiboya kieleacho juu ya maji na kumjulisha mvuvi kwamba samaki amegusa chambo.

Naomba msicheke. Katika ukoo wetu walikuwako wavuvi hodari, lakini leo wengi wa watoto wetu hawajui jina la kifaa hata kimoja walichotumia babu zao. Mshipi, ndoana, chambo, chubwi, chelezo: maneno haya hayakai kichwani kwa kuandikwa ubaoni. Hukaa pale mkono unaposhika kitu chenyewe. Na upande wa pili wako wazee wetu waishio katika majumba haya marefu, ambao tangu Novemba hadi Machi hawatoki nje ila kwenda kwa daktari. Mzee hana la kumwambia mjukuu, na mjukuu hajui amwulize nini mzee. Jambo hili lanitia hofu kuliko baridi na kuliko uhaba wa fedha.

Kwetu mvuvi hakungoja duka. Ndara kuukuu, ambazo wengine huziita malapa au kandambili, hukatwa vipande, vikatobolewa na kufungwa katika kamba ya wavu. Madumu na chupa tupu za plastiki hufanywa maboya. Mwaka 2019 jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa ndara zipatazo 30,000, lilisafiri hadi Unguja. Kutumia kilichotupwa, basi, ni ustadi wetu wa asili, wala si aibu ya mtu maskini.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Tafuteni kizibo cha chupa kilichotengenezwa kwa gome la mti. Asiye na chupa za namna hiyo nyumbani kwake, na aombe kwa jirani. Ongezeni kijiti cha mshikaki, msasa, gundi isiyoyeyuka majini, rangi ya kucha, kipande cha waya wa umeme usiotumika tena, na nati ndogo mbili tatu.

Kwanza, kateni kizibo vipande viwili kwa upana. Kisu kishikwe na mtu mzima. Mtoto apewe msasa. Pili, toboeni kila kipande katikati kwa msumari mwembamba, mkizungusha polepole ili gome lisipasuke. Tatu, mtoto akisugue mpaka kifanane na yai dogo. Nne, pitisheni kijiti chenye urefu wa sentimita 15 hivi, sehemu kubwa ibaki chini, kisha tieni gundi na kuacha ikauke usiku kucha. Tano, pakeni rangi: juu nyekundu ili jicho la mvuvi lione, chini kahawia au kijani ili samaki asishtuke. Rangi ijaze vitundu vyote, kwani maji yakiingia katika kijiti chelezo huwa kizito.

Mwisho, toeni ganda la plastiki la ule waya, mkate pete mbili nyembamba. Pitisheni mshipi ndani ya pete, kisha vikeni pete hizo katika kijiti, moja juu ya kizibo na moja chini. Pete zikibana sawasawa, mtaweza kusogeza chelezo juu au chini ya mshipi kulingana na kina cha maji.

Kuhusu uzito, hapa ndipo penye elimu. Gome hili lina uzito wa takriban robo ya maji ya ujazo ule ule. Nusu ya kizibo ina gramu 2 hivi, lakini ikizamishwa yote husukuma gramu 9 za maji. Ikiachwa bila chubwi, yalala ubavu juu ya maji, na samaki akivuta ahisi ukinzani na kutema chambo. Jazeni ndoo maji, ningʼinizeni nati moja moja chini ya chelezo, mpaka kisimame wima na kichwa chekundu tu kionekane. Hapo hata mguso mdogo utakizamisha. Mtoto afanyaye jaribio hili ajifunza kanuni ya Archimedes kabla hajafundishwa shuleni.

Nimesema nati wala sikusema risasi, na kwa sababu. Vipande vya risasi vikimezwa na ndege wa majini huwaua, akiwemo yule ndege anayeonekana katika sarafu ya dola moja ya Kanada tangu 1987. Katika hifadhi za taifa za nchi hii chubwi ndogo za risasi zimepigwa marufuku. Vilevile msitumie lile povu jeupe la masanduku, kwani humeguka na kusambaa majini. Na mshipi uliokatika urudi nyumbani mfukoni.

Mtauliza, tukavue wapi? Kijito cha Black Creek kipitacho karibu nasi si mahali pake. Hufurika upesi mvua inyeshapo. Bonde la mto Humber, ambamo kijito hicho humwaga maji, lilipata msiba mkubwa katika kimbunga cha Hazel, Oktoba 1954, na watu 81 walikufa Ontario. Baada ya hapo mabonde mengi yaliachwa yawe bustani. Pandeni basi nambari 35 hadi kituo cha Jane, kisha treni vituo viwili kuelekea mashariki hadi High Park, mwende kwenye bwawa la Grenadier. Humo wamo samaki wadogo bapa, wapana kama kiganja, wenye kifua cha rangi ya chungwa, wanaofaa sana kwa mwanafunzi.

Na sheria yenyewe yatupendelea. Katika Ontario, mkazi wa Kanada aliye chini ya miaka 18, au aliyetimiza 65, hahitaji kununua leseni, ingawa yampasa kushika masharti ya misimu na idadi. Maana yake ni kwamba babu na mjukuu waweza kwenda. Sisi wa katikati ndio tununue, au tungoje siku za bure kama vile wikiendi ya Siku ya Akina Mama na ya Akina Baba. Mwenye kutaka kula samaki aliyemvua asome kwanza mwongozo wa serikali kuhusu samaki wa maji hayo.

Ndugu zangu, wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Naomba kila nyumba, hapa na ughaibuni kote, itengeneze vyelezo kumi majira haya ya baridi, mzee akiwa fundi na mtoto akiwa mwanagenzi, na lugha ya kazi iwe Kiswahili. Mzee akisema "nipe msasa", mtoto ampe msasa. Asiyejua neno atalijua kabla ya kizibo cha tatu. Tukutanapo tena, tuvilete vyote mezani, na kila mtoto ataje kwa jina sehemu za chombo chake mbele ya wazee.