Samaki Mweupe Si Mkosi: Tuchunge Vifaranga na Maji

(Maneno ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wafugaji wa samaki, Kakamega)



Nimeombwa nizungumzie jambo linalozua maneno mengi kando ya vidimbwi. Mtu anavuta wavu, na katikati ya kambare weusi anaona mmoja mweupe, macho mekundu. Papo hapo watu wanaanza: huyo ni mkosi, maji yana sumu, asiliwe, atupwe mtoni.

Ukweli ni huu. Ngozi ya samaki ina chembe za rangi. Zipo za rangi nyeusi iitwayo melanini, zipo za manjano na nyekundu, na zipo zinazong'aa kama fedha. Samaki mwenye ualbino hana melanini. Kwa hivyo huwa mweupe au wa manjano, na macho yake ni mekundu kwa sababu damu iliyo ndani inaonekana. Amezaliwa hivyo. Haambukizi wenzake, na nyama yake inaliwa kama ya samaki mwingine yeyote.

Hali hii hurithiwa. Kwa kawaida baba na mama wote wawili huibeba bila kuonyesha dalili, na kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kuzaliwa nayo. Kwa binadamu urithi wa ualbino huenda vivyo hivyo. Basi anayemlaumu mama kwa kuzaa mtoto mwenye ualbino hana msingi. Mtoto huyo anahitaji kofia, mafuta ya kukinga jua, kiti cha mbele darasani na heshima yetu.

Mbona mtoni hatuwaoni samaki hawa mara nyingi? Katika Isiukhu au Yala, mdiria na korongo humwona samaki mweupe mapema na kumla kabla hajakua. Kidimbwini, chini ya wavu wa kuzuia ndege, anapona.

Lakini ukiona weupe wengi katika kidimbwi kimoja, jiulize vifaranga vilitoka wapi. Tangu mpango wa serikali wa kuchochea uchumi wa mwaka 2009, uliolenga vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140, ufugaji umeenea. Ukiendelea kutoa vifaranga kidimbwi kilekile mwaka baada ya mwaka, ndugu wanazaana wenyewe kwa wenyewe. Hapo hutokea si weupe tu, bali pia samaki waliodumaa na wenye viungo vilivyopinda. Hasara hiyo utaiona kwenye mizani siku ya kuuza. Badilisha samaki wazazi, na ununue vifaranga kwa mzalishaji anayetambuliwa.

Tofautisha pia kuzaliwa na kugeuka. Samaki aliyekuwa na rangi yake kisha akaota madoa meupe kama pamba, au akawa mweusi ghafla na kukataa chakula, huenda ni mgonjwa. Mwite afisa wa uvuvi wa wadi yako mapema, kabla kidimbwi kizima hakijaathirika. Na samaki yeyote wa kidimbwi, mweupe au mweusi, usimwachilie mtoni. Anaweza kupeleka magonjwa na kuchanganya uzao wa samaki wa asili.

Kuna upotevu wa rangi unaopaswa kutusumbua zaidi. Katika Ziwa Viktoria, fulu wa kike huchagua dume kwa rangi yake. Mwaka 1997, Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walionyesha katika jarida la Science kwamba pale maji yanapochafuka, mwanga hupungua, majike hawatofautishi rangi vizuri, madume hufifia na aina za samaki hupungua. Maji ya Nzoia na Yala, yanayopita kwetu, huishia katika ziwa hilo. Shamba likilimwa hadi ukingoni mwa mto, udongo na mbolea vinafuata mkondo huohuo.

Kwa hivyo, ukimwona samaki mweupe, usimwogope. Kagua samaki wazazi wako, panda nyasi na miti ya kiasili kando ya mto, na uliza afisa wa wadi kabla ya kuamini uvumi.