Mtandao Ukikatika, Anayefeli ni Nani?

(Haya ni maneno niliyosema kwenye kikao cha vijana, Bariadi mjini. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Naona waliotoka Mwanhuzi na Lagangabilili wamefika kabla yetu sisi wa hapa mjini. Hongereni makamanda.

Mwenyekiti amenipa dakika kumi niongelee vyuo na mifumo ya mtandaoni. Naomba nianze na sapu yangu.

Nikiwa mwaka wa pili nilirudi hapa nyumbani kumzika bibi, kwa ruhusa ya chuo. Nikamwambia mwalimu kwamba nitakosa jaribio. Akanijibu vizuri tu: usijali binti, jaribio liko mtandaoni, utafanyia popote. Basi siku ya tatu ya msiba nikanunua bando, nikaazima laptopu ya binamu, nikakaa chini ya mwembe ambako mtandao unashika. Maswali arobaini, dakika arobaini. Nilipofika swali la ishirini na mbili, mtandao ukakata. Uliporudi nikakuta maandishi: jaribio limekusanywa. Mashine imenikusanyia yenyewe.

Nikaandika barua pepe siku ileile. Jibu likaja hapohapo: ombi lako limepokelewa, namba yako ni hii. Hiyo namba ninayo mpaka leo, mtu hajawahi kunipigia. Nikipiga mimi, naambiwa niandike kwenye mfumo. Matokeo yakatoka, nimekosa alama mbili. Ikabidi nipande basi kwenda kufanya sapu, na nauli mama aliitoa kwenye hela ya pamba aliyoiweka anunue bati. Sapu nilifaulu. Bati hazijanunuliwa.

Sasa mtu asije akasema vijana wa upinzani wanapinga teknolojia. Mimi siitaki ile foleni ya kubandikiwa matokeo ukutani. Kaka zetu walituma fomu za mkopo kwa basahasha, wakakaa miezi wakisubiri. Leo unaomba kwa simu. Hilo ni jema, tuliseme. Shida ni pale mfumo unapokuja na yule mtu wa kukusikiliza anaondolewa.

Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kwa ajili ya watu wanaosoma wakiwa mbali. Nacho kiliona lazima kiwe na vituo mikoani, mwanafunzi apate mlango wa kugonga. Vyuo vingine vimechukua ule umbali, mlango wameuacha. Na hela zipo: mradi wa HEET peke yake ni dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, deni ambalo tutalilipa sisi mliomo humu. Tuna haki ya kuuliza katika hizo zote mwanafunzi wa Meatu anaonekana wapi.

Nisome sheria kidogo, ndiyo kazi niliyotumwa na wazazi. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inasema haki ya mtu ikiamuliwa na mahakama au chombo kingine, anayo haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na kukata rufani. Chombo kingine! Kwangu mimi, chuo kinachoamua nifaulu au nidisko kimo humo. Halafu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inakupa nafasi ya kukataa uamuzi mzito juu yako utolewe na mashine peke yake. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inasema ushahidi hauwezi kukataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Kwa hiyo makamanda, mtandao ukikata piga skrinshoti. Tunza ujumbe, tunza saa. Mimi sikupiga, ndiyo maana nawaambia.

Kuna kukatika kwa bahati mbaya, kama Mei 2024 nyaya za baharini zilipoharibika. Na kuna kukatwa. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa hivyo siku kadhaa. Vyuo vilivyokuwa vifunguliwe Novemba 3 vikaahirishwa. Serikali haiwezi kumwambia mwanafunzi kila kitu chako kiko mtandaoni, halafu ijipe ruhusa ya kuuzima mtandao ikitaka. Anayezima mtandao anazima darasa.

Madai yetu ni manne. Moja, kila jaribio la mtandaoni liwe na kanuni iliyoandikwa mapema: mtandao ukikata, kinafuata nini. Mbili, kila malalamiko yajibiwe na mtu mwenye jina, ndani ya siku saba. Tatu, kila wilaya iwe na chumba chenye umeme wa uhakika, kompyuta na mtandao, ambako mwanafunzi wa chuo chochote anaweza kufanyia jaribio. Nne, intaneti isizimwe.

Lakini tusikae kusubiri serikali. Dirisha la mikopo likifunguliwa, mnajua inavyokuwa. Mtoto wa mkulima kutoka Itilima anakuja steshenari hapa Bariadi, analipa elfu thelathini ya maombi, anamlipa na kijana wa kompyuta, na yule kijana anabonyeza haraka kwa sababu nje kuna foleni. Cheti cha kuzaliwa kina jina hili, cha kidato cha nne kina lile, maana kwetu mtoto ni Masanja nyumbani na mwingine shuleni. Mfumo haujui mambo ya Usukumani. Anakosa mkopo, na kwao hakuna bumu la kubahatisha.

Naomba leo tusitoke bila majina. Nataka vijana wawili kila wilaya, wenye laptopu au hata simu nzuri, wa kukagua fomu za watoto hawa bure kabla hazijatumwa. Tusimuulize mtu kadi ya chama. Mimi naandika jina langu la kwanza, nitakaa hapa mjini likizo yote.

Daftari hili hapa, kalamu hii hapa.