Kupimwa Kabla Karo Haijaisha
Hotuba kwa wazazi na wanafunzi wa vyuo vya ufundi, Eastlands



Mzazi anayelipia kozi ya kuchomelea vyuma huuliza swali moja mwishoni: amepita au ameanguka? Wakati huo karo imeshaliwa na muda umekwisha.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti politekniki za vijijini, jina la kuchekesha kidogo kwa mtu anayekaa Umoja, lakini ndivyo hivi vyuo vya ufundi vya mitaani. Sheria ya 2013 ya mafunzo ya ufundi ikaunda TVET CDACC, baraza linalosimamia mitaala na upimaji wa umahiri. Kwa mfumo huo, kila sehemu ya kozi hupimwa peke yake na kwa vitendo, na mwanafunzi huweka jalada la ushahidi wa kazi zake. Asiyefikia kiwango huambiwa bado hajawa mahiri, kisha hupimwa tena sehemu hiyo.

Neno "bado" lina uzito. Kiungo cha chuma kinaweza kung'aa juu na ndani hakijashika. Alama 48 haimwambii kijana chochote kuhusu hilo. Mkufunzi anayemwambia, "Umekimbiza mkono, na moto ulikuwa mdogo," amempa kazi ya kesho asubuhi. Mlango wa mwenye nyumba fulani utategemea kiungo hicho.

Sasa chukulieni darasa la wanafunzi 20, na 14 wakose kiungo kilekile. Si rahisi wote 14 wawe wazembe. Pengine mashine ni moja, vijiti vya kuchomelea havitoshi, au somo lile liliishia ubaoni. Hapo inayopaswa kupimwa ni kozi yenyewe, na chuo kinachoficha matokeo hayo kitawaangusha vijana wa mwaka ujao vilevile. Mafundi wa jua kali wa Kariobangi wanaopokea vijana kwa mazoezi ya kazi huziona kasoro hizi mapema. Wakisema vijana hawajui kusoma mchoro, chuo kiyaandike maneno yao na kubadilisha ratiba.

Muhula ukifika katikati, mwambie kijana wako akuonyeshe jalada lake. Ukilikuta tupu, nenda ukamwone mkufunzi wiki hiyohiyo.